Ukanda wa Chupa ya Misima

Masuguru, Korogwe

Mjukuu wangu Zaina,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu siku hizi hata kushika kalamu kunanichosha. Bibi yako hajambo. Mahindi yamekauka tena, tuyaache hayo.

Unauliza kama nasi, tulipojifunza kazi ya dawa enzi za Mwingereza, tulipata muda wa starehe na siasa. Starehe yangu ilikuwa gazeti. Katika zahanati ya Handeni nililisoma kwa sauti dirishani, wagonjwa wakisikiliza habari za uhuru, nami nikitoa maoni yangu.

Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo ubavuni mwa chupa ya dawa ya maji tulibandika ukanda wa karatasi wenye mikato, kila mkato dozi moja. Chupa walikuja nazo wenyewe. Siku moja mama mmoja wa Misima alileta chupa pana, nami, huku nasoma, nikabandika ukanda wa chupa nyembamba. Nilipogundua alikuwa ameshaondoka. Kwa upana ule kila mkato ungekuwa dozi mbili, na dawa ilikuwa ya mtoto.

Nilitembea mpaka Misima. Nikamkuta anamenya mihogo, chupa haijaguswa.

"Sijampa," alisema. "Nilikuona macho yako kwenye gazeti. Nikasema nitarudi kesho, ukishamaliza kusoma."

Nikabandika ukanda mwingine. Kisha akaniuliza, bila kejeli, uhuru wenyewe unakuja lini. Nilikuwa nimechoka, mjukuu wangu, na siku hiyo sikuwa na maoni.

Babu yako