Hakuna Harusi, Mama

Miritini, Mombasa

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. U hali gani? Goti limetulia, au bado unainuka kwa kushika ukuta? Bibi naye, kikohozi kimemwacha? Mimi huku mwili ni mzima. Moyo ndio hauna raha, na sababu naijua.

Mama, hakuna harusi.

Uliponipigia Jumapili kwa vigelegele, na shangazi nyuma anauliza bwana harusi ni wa wapi, sikuthubutu kukwambia ukweli. Nikasema "inshallah" nikakata simu. Nisamehe. Ndiyo maana naandika, kwenye karatasi hutanikatiza.

Unaijua kazi yangu hapa karibu na stesheni ya treni, kuwajazia watu fomu na kuwapigia chapa barua kwenye kompyuta ya Bi Saumu. Wiki iliyopita ikaingia barua pepe kwa jina la mama mmoja mteja wetu: "Mnakaribishwa harusini. Fungua kadi." Sasa wewe umenilea vipi? Mtu akikualika harusi, hata bi harusi humjui, unaitika kwanza, maswali baadaye. Nikaifungua. Likatokea ua jekundu. Jina la bi harusi hakuna, la bwana hakuna, ukumbi hakuna. Nikacheka, nikasema huyu kasahau kuandika, nikarudi kwenye fomu zangu.

Kumbe nyuma ya ua programu ya wizi imeshaingia. Wanaiita trojani. Haivunji mlango, mama. Inabisha hodi na sahani ya halua mkononi, wewe mwenyewe unaikaribisha. Ikishakaa inachungulia paswadi zako, kisha inaandika barua kwa jina lako. Siku ya tatu kompyuta ikawa nzito kama imekula pilau, na watu wakaanza kunipongeza. Kadi ileile imewafikia wote ninaowaandikia! Ndugu yangu Athumani akaifungua kwenye kompyuta ya shule anakofanya ukarani, akakimbia nyumbani kukupa habari. Simlaumu, ni mwanao kama mimi.

Nilikwenda kwa Bi Saumu nikijua nafukuzwa. Akanitazama, akasema, "Kaa chini unywe maji. Ningekuwa mimi, ningeshauliza sare ya harusi ni rangi gani." Wallahi nililia.

Akamwita fundi Kombo wa Changamwe. Jambo la kwanza alichomoa waya wa intaneti, ile programu isizungumze tena na wezi walioituma. Akaiwasha kompyuta kwa namna inayoamsha programu za lazima tu, akakuta moja ambayo hakuna kati yetu aliyeiweka, imezoea kujiamsha yenyewe kila asubuhi. Akaifuta. Akaweka antivairasi ikapekua mashine nzima, mara mbili, na mara ya pili ikamkamata mwenziwe yule mwizi. Kombo akasema hii hatuiamini tena. Akanakili makaratasi ya wateja, akayakagua, akafuta kila kitu na kuipanga upya. Paswadi nilibadilisha kwenye simu yangu, maana ukibadilishia kwenye kompyuta yenye ugonjwa, umempa mwizi ufunguo mpya.

Athumani nimeshampigia achomoe intaneti, asichomeke flashi ya mtu yeyote. Haya mengine ayasome humu amweleze fundi. Alama za mitihani ya watoto zimo mle, asifute kitu kabla hazijanakiliwa na kukaguliwa. Nilimsihi ukweli wa harusi aniachie nikwambie mwenyewe.

Kompyuta imepona, kazi ninayo. Kinachoniuma ni ile sauti yako. Tangu tumzike baba sijakusikia ukifurahi vile, na furaha yenyewe nimekupa ya uongo.

Mpe bibi salamu zangu, umbusu mkono kwa niaba yangu. Shangazi mwambie huyo bwana harusi bado anatafutwa, asichoke kuulizia. Baba mdogo na wanawe wote nawasalimu.

Halafu, mama, Athumani ameniambia umeshaninunulia doti ya leso, ya manjano. Usiirudishe dukani. Ikate katikati, kipande chako na kipande changu. Nakuja Idi, tutajifunga sote wawili. Na nikishuka tu kwenye gari, vile vigelegele vipige vilevile.

Ni mimi mwanao, bado wa kwako peke yako,

Rehema