Mtama Uliochelewa Kuchanua

Ndhiwa, 3 Machi 2025

Okewa mpendwa Irine, mtoto wa dada yangu,

Pokea salamu nyingi kama omena, dagaa wa Mbita. Ukiuliza hali, mimi ni mzima, na nikiwa mzima mimi Ndhiwa yote ni nzima, maana hapa hakuna jambo linaloanza kabla Javan hajakohoa. Juzi tu chifu alisimamisha baraza dakika arobaini akinisubiri ninyoe ndevu. Nilipoingia watu walipiga makofi, hata ng'ombe mmoja wa mnadani akageuza shingo.

Kifurushi chako kimefika kwa basi: pakiti arobaini za mbegu ya mtama, kila moja na nambari yake, na ile ramani ya mistari arobaini. Mwambie Profesa wako asiwe na wasiwasi. Sokoni wameshaanza kuniita Daktari wa Nyasi, na mimi nimeitikia. Kaka yangu Obare bado yuko Rusinga na nyavu zake, kwa hivyo dala yote, yaani boma letu, iko mkononi mwangu. Hata mkewe, shemeji Filister, huniomba ruhusa kabla ya kufungulia kuku.

Swali moja. Chuo kizima kinataka mtama usioliwa wa nini? Filister anasema ni wa kupika pombe ya chang'aa. Nimemwambia chuo hakipiki chang'aa. Au kinapika?

Usinijibu kwa simu. Simu ni ya kuitana tu, jambo kubwa huandikwa.

Ni mimi mjomba wako,
Nera Javan


Nairobi, 7 Machi 2025

Nera mpendwa, mjomba wangu,

Salamu kwako na kwa mama Filister. Mimi sijambo, ila usingizi umenikimbia.

Mwambie mama hajakosea sana. Maji matamu ya shina la mtama huu huchachushwa yakawa spiriti ya kuendeshea magari, na makapi yake huchomwa kutoa umeme. Sasa sikiliza: mtama ukishatoa suke, basi, haurefuki tena. Anayetaka shina kubwa anataka mtama unaochelewa kuchanua. Mmea una saa yake ndani ya jeni, na saa hiyo husoma urefu wa usiku. Nchi za mbali, wakati wa kiangazi usiku ni mfupi, kwa hivyo aina nyingine husubiri miezi. Ukizileta kwetu, ambako usiku na mchana vinalingana mwaka mzima, zinakimbilia kuchanua zikiwa bado fupi. Mimi natafuta aina ambayo itachelewa hata hapa nyumbani.

Kwa hivyo, Nera, tafadhali: mistari yote arobaini ipandwe siku moja. Si leo nusu na Jumatatu nusu. Tutahesabu siku kutoka kupanda hadi nusu ya mimea ya kila mstari ichanue. Tarehe ya kupanda ikiwa ya uongo, kazi yote ni ya uongo. Niandikie siku hiyo hiyo.

Profesa Momanyi amenipa msimu mmoja tu. Nikipata kitu, nabaki kwa mradi miaka mitatu. Nikikosa, nafasi ni ya mwenzangu Elvis, ambaye ana shamba la chuo na wafanyakazi sita. Mimi nina wewe.

Okewo wako,
Irine


Ndhiwa, 5 Aprili 2025

Okewa,

Habari za huko? Sisi wazima, mvua imeshuka vizuri, Obare amerudi na omena magunia matatu.

Najua ulitaka barua siku ile ile. Ungejua yaliyonipata ungelia. Tulipanda tarehe 13 Machi, mistari yote arobaini, siku moja, kamba imenyooka kama njia ya ndege. Nilikuwa karibu na mwisho chatu alipopanda kutoka mto Kuja. Mnene kama paja la mchezaji mieleka! Alinitazama, nami nikamtazama. Akaona huyu si mtu wa kumezwa, akameza gambuti ya mguu wangu wa kushoto na kurudi majini. Niliumwa na mshtuko wiki tatu, ndiyo sababu ya kuchelewa.

Mtama umeota. Ukipata nafasi tuma gambuti, nambari tisa. Daktari hawezi kutembea utafitini na mguu mmoja.

Mjomba wako,
Nera Javan


Nairobi, 20 Juni 2025

Nera wangu, Nera wangu!

Umeamkaje? Mama Filister hajambo? Mimi nacheza peke yangu chumbani, majirani wamegonga ukuta.

Daftari ulilotuma nimelisoma mara nne. Mistari thelathini na saba ya kwanza imechanua kati ya siku ya 66 na ya 74, kama tulivyotarajia. Lakini mitatu ya mwisho! Mstari wa 38 siku ya 88, wa 39 siku ya 89, wa 40 siku ya 91. Na hiyo mitatu ni ya ukoo mmoja, mbegu za mama mmoja. Unaelewa maana yake? Huenda ile jeni ya kuchelewa imo humo, na inafanya kazi hapa hapa kwetu.

Elvis ameona karatasi akaisoma mara mbili. Tarehe 10 Julai nitasimama mbele ya wakuu wote wa mradi. Profesa aliniuliza swali moja tu: "Una uhakika zilipandwa siku moja?" Nikamwambia mjomba wangu ana maneno mengi, lakini kwa jambo hili alinipa neno moja.

Gambuti ziko kwenye kifurushi. Nambari tisa, nyeusi. Niandikie basi unithibitishie ile tarehe, nibandike barua yako kwenye kazi yangu.

Okewo wako,
Irine


Ndhiwa, 26 Juni 2025

Okewa mpendwa,

Salamu. Gambuti zimefika. Ni nzuri mno, zinang'aa, sijazivaa.

Huku kuna mambo mengi. Ng'ombe wa mwalimu mkuu ameingia dukani kwa Nyanchoka akala sukari. Nilikwenda Migori nikakutana na mtu anayenifahamu kutoka Kegonga, akaniita mheshimiwa mbele ya watu. Halafu jua limekuwa kali. Mimi siku hizi siketi. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea hadi shambani, nikifika shambani narudi. Filister anauliza kama nina minyoo.

Huo mkutano hauwezi kusogezwa? Hata Septemba? Wakubwa hawapendi mambo ya haraka.

Mungu akulinde.

Nera Javan


Nairobi, 1 Julai 2025

Nera,

Shikamoo. Natumaini mko wazima.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta jibu, nimemkuta ng'ombe wa mwalimu mkuu. Sikukuuliza habari za ng'ombe.

Nakuuliza tena, na sasa nauliza kama mtoto wa dada yako, si kama mtu wa chuo. Mistari ya 38, 39 na 40 ilipandwa lini? Nikisema uongo bila kujua, mwakani mtu mwingine atapanda mbegu hizo hizo, zitachanua siku ya sabini, na jina langu litakuwa kicheko. Afadhali nikose nafasi kuliko nikose jina.

Zimebaki siku tisa.

Irine


Ndhiwa, 5 Julai 2025

Okewa wangu Irine,

Sijui nianze na salamu gani. Sisi ni wazima kwa mwili.

Barua hii nimeileta mwenyewe hadi kwa dereva wa basi, nikamwapisha.

Tarehe 13 Machi nilianza kupanda alfajiri. Wewe ni mtoto wa mjini lakini mama yako anajua: kwa dala yetu mbegu hutoka kwa mkubwa kwanza. Mdogo hapandi kabla kaka yake na mke wa kaka yake hawajapanda, na hao wawili lazima wawe wamelala nyumba moja; mwiko huo ukivunjwa, kifo humfuata mkubwa. Obare alikuwa Rusinga. Mimi nilishakuandikia kwamba hapa hakuna jambo linaloanza kabla sijakohoa. Ningekwambiaje nasubiri wavuvi? Nikasema nitamaliza kabla Filister hajatoka maombi ya wanawake.

Nilikuwa nimemaliza mstari wa 37 na kuingia wa 38 niliposikia, "Javan! Wewe Javan! Unatoa mbegu mwenye dala akiwa majini? Unataka nimzike?" Alikuwa bado na Biblia kwapani, na mkono wa pili mpini wa jembe. Nikamwambia, "Shemeji, hii si mbegu ya chakula, ni ya sayansi." Akasema, "Leta hiyo sayansi karibu niipige."

Mbegu chache nilizokuwa nimetia mstari wa 38 alizifukua kwa vidole vyake. Obare alirudi tarehe 29. Wakapanda wao tarehe 31. Mimi nilipanda mistari mitatu ya mwisho tarehe mosi Aprili. Siku kumi na tisa zilikuwa zimepita. Nikakuandikia 13 Machi kwa yote.

Nimetoa kumi na tisa nyuma ya kalenda mara tatu, nikiomba ibaki hata siku mbili. 88 inakuwa 69. 89 inakuwa 70. 91 inakuwa 72. Ni mtama kama mitama mingine, okewa. Haukuchelewa. Aliyechelewa ni mimi.

Mwambie Profesa mjomba wako alidanganya. Usiseme alisahau, atadhani hata kuhesabu hajui, na mimi kuhesabu najua. Akiniita Nairobi nitakuja nisimame mbele yao.

Nafasi ikiwa imeenda kwa Elvis, nimeipoteza mimi. Ikiwa bado kuna mlango, mbegu zako nilibakiza kwenye pakiti. Nilikwenda kwa Filister jana nikamweleza yote, hata habari ya saa na usiku. Alisikiliza akichambua omena. Akasema mvua ya Septemba ataanza yeye na Obare, kesho yake mimi, mistari arobaini siku moja, na yeye atatia sahihi daftarini kwa mkono wake. Akasema mtoto wa wifi yake hataaibishwa tena na ujinga wa dala hii.

Gambuti mpya nakurudishia kwa basi hili hili. Sikuzivaa hata hatua moja.

Maana hakukuwa na chatu. Filister aliponyanyua ule mpini nilikimbia, Irine, mtu wa miaka hamsini na mbili, na gambuti ya kushoto ikabaki kwenye matope ya mstari wa 38. Aliichomoa, akaitia udongo, sasa anapandia dania mlangoni kwake. Mimi hupita pale kila asubuhi, na sijapata ujasiri wa kuiomba.

Mjomba wako,
Javan