Nyonga Yangu Mmeipeleka Hadi Seoul

Grand Concourse 1180,
Bronx, New York.
21 Oktoba 2019.

Mpendwa mdogo wangu Noemi,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu mama zetu, dada wawili wale, walitufundisha kuandika hivyo hata tukiwa tumenuniana. Hujambo? Mumeo Ekkehard hajambo? Mtoto ameota meno? Huku sisi wazima. Mama yako presha imeshuka, na bado anawatangazia wanawake wa kanisani kwamba bintiye ndiye anayeupeleka mchezo wa "Wafuaji" duniani kote. Mimi naitikia kwa kichwa na kuendelea kula wali wake wa mbaazi.

Nimesikia Seoul mmeshafungua pazia. London, Hamburg, sasa Seoul, na hapa Marekani malori kumi na moja yanazunguka miji thelathini. Matenga yale yale, mawigi yale yale, hatua zile zile. Hongera. Kuhakikisha Perpetua wa kila nchi anafanana na yule wa kwanza si kazi ndogo, na wewe unaiweza. Ila aliyemwigiza Perpetua wa kwanza jukwaani ni mimi, na leo nimekasirika.

Unaukumbuka mwaka ule wa kwanza hapa New York, nyonga ilipokuwa ikiniua. Maonyesho manane kwa wiki. Nilikueleza wewe peke yako, katika chumba changu cha kuvalia, nikakuomba uwaambie wakubwa wanipumzishe wiki mbili. Ukasema, "Vumilia dada, nitaongea nao." Hukuongea nao. Ulikwenda ukaandika katika kile kitabu chenu cha mchezo, ambacho kila kundi jipya hufundishwa nacho: "Perpetua anainuka kwenye tenga la nguo. Hesabu ya tano ya muziki, mkono nyongani. Ya saba, anasimama kwa taabu." Watazamaji walikuwa wakilia pale, nawe ukaona mali. Kikulacho ki nguoni mwako.

Madaktari walionipasua nyonga baadaye walifanya kazi nzuri. Mwezi wa tano nikaenda kujaribiwa kwa ajili ya ziara hii ya Marekani. Nafasi ile niliitaka, sikufichi. Nina miaka arobaini na tisa, na hakuna anayemwandikia mwanamke wa umri huu wimbo mwingine wa kuimba katikati ya jukwaa. Nikaimba, nikainuka kwenye tenga. Yule msaidizi wako mwenye ndevu, Thaddeus, akafunua kitabu.

"Mama, hesabu ya tano mkono nyongani."

"Siumwi tena, baba. Nimeshapasuliwa."

"Lakini Perpetua anaumwa."

"Nani kakwambia?"

"Kitabu."

Nilicheka mpaka mpiga piano naye akacheka. Nikarudia, nikasimama wima tena, maana ndivyo mwili wangu unavyosimama siku hizi. Wiki iliyofuata nikaambiwa sifanani na Perpetua. Nikakupigia Hamburg, ukanijibu, "Dada, mimi nalinda mchezo." Sijapata kuichukia sauti yako kama siku ile.

Nafasi alipewa Lorna Haskett, binti mpole wa miaka thelathini na mmoja. Sina ugomvi naye. Jumatano alinipigia kutoka Cleveland, analia.

"Mama, samahani kwa usumbufu. Pale kwenye tenga, ulikuwa unafanyaje ili usiumie? Mimi nyonga inavuta, mguu unakufa ganzi."

"Nilikuwa naumia, mwanangu."

Akaacha kulia. "Jamani! Mimi nilidhani ni ufundi."

Noemi, umewafundisha wanawake wanne wazima kujipinda upande ule, mara nane kwa wiki, ili wafanane na ugonjwa wangu. Mmoja ameshaanza kuugua kweli. Wanasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini wewe uliijua, maana nilikwambia kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nimemwambia Lorna asimame wima. Jana, onyesho la mchana, amesimama wima. Anasema watu wamelia pale pale wanapolia siku zote.

Taarifa ya msimamizi wa jukwaa itakuwa imeshakufikia, na itasema Lorna amekosea. Hakukosea, nimemwagiza mimi. Sasa chagua: umfukuze yeye, au uufute mstari ule kitabuni. Ukimfukuza, nitawapigia wale wengine mmoja mmoja niwaambie nilichomwambia Lorna, na nitaanza na huyo wa Hamburg unayekunywa naye kahawa.

Nibusie mtoto. Msalimie Ekkehard na mama mkwe wako Hannelore. Mama yangu anakusalimu sana. Yeye sijamwambia kitu. Mungu akupe maisha marefu na viungo vizima, maana vyangu umeshavitumia.

Dada yako anayekupenda, na ambaye hajakusamehe,

Migdalia