Mama Hataki Chanjo kwa Sababu Yako

Mtaa wa Olive,
Fresno, California.
9 Novemba 2023.

Mpendwa Mama Mkubwa Eduviges,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Michoacán? Na wale kuku wamepona? Sisi hatujambo, ila Mama ananipandisha presha.

Unakumbuka Februari mafua yalivyomshukia mapafuni, akalazwa siku kumi na moja. Daktari anasema mapafu yale hayatahimili mafua mengine. Jumapili ya tarehe 19 wauguzi watachanja wazee dhidi ya mafua kwenye ukumbi wa kanisa, baada ya misa. Mama amekataa katakata.

Wala si woga wa sindano! Kila mwezi jirani yetu Obdulia, fundi cherehani, humdunga vitamini palepale jikoni, dawa yenyewe imevushwa mpakani kutoka huko kwenu, imefichwa ndani ya mkoba wa mtu. Mama anapandisha sketi huku anacheka. Nikamuuliza, "Hiyo unajua ina nini?"

"Obdulia namjua mpaka mama yake," akanijibu. "Huyo muuguzi wenu ni mtoto wa nani? Halafu dada keshanieleza, hizo chanjo ni za kutupunguza sisi wazee."

Dada ni wewe, Mama Mkubwa. Ule ujumbe wa sauti uliomtumia kwa simu anausikiliza mpaka na mimi nimeukariri. Miaka tisa nahudumia wagonjwa, lakini kwake mimi ni kelele za chura.

Sasa wiki iliyopita mwanao Remigio akaropoka. Kumbe wewe ulichanjwa Oktoba! Ulipanga foleni kituo cha afya tangu alfajiri, mkono ukakuuma siku moja, kesho yake ukaenda shambani. Mdogo wako hukumwambia. Jamani! Nimekasirika mpaka nimelia. Unisamehe, najua nasema na mkubwa, na najua si rahisi mtu mzima kurudisha maneno yake.

Nimekupigia mara nne, hupokei. Ndiyo maana barua hii nimempa Bwana Fermín, anayesafiri kesho, akukabidhi mkononi.

Nakuomba umpigie Mama Jumamosi, kabla ya hiyo misa. Usimhubirie. Mwambie tu kwamba ulichanjwa. Bibi alipofariki, wewe ndiye uliyemlea Mama, akiwa na miaka sita. Ukimwambia nenda, ataenda. Ukinyamaza na likatokea la kutokea, viza ya kuja huku wamekunyima mara mbili. Utamzika kwenye simu.

Nisalimie Remigio, mkewe Zenaida na Mjomba Crispín. Mungu akupe umri mrefu na ujasiri wa simu moja.

Mama anakusalimu sana. Hajui kwamba ulichanjwa, na mimi sitamwambia. Nataka asikie kutoka kinywani mwako.

Mwanao akupendaye hata akiwa na hasira,
Marisela