Firigisi ya Mchungaji

Jumapili jioni, Agosti 1994

Na sikuwa hata na njaa. Hilo ndilo linaloniuma.

Asubuhi mchungaji alihubiri kwamba hakuna dhambi ya siri mbele za Mungu, nami nikaitikia amina kwa sauti. Mchana akaja kula kwetu. Yeye na mume wangu wakiwa sebuleni, nilisimama jikoni nikala firigisi ya kuku wake. Nani angejua?

Lakini firigisi ni ya mgeni. Mume wangu aliitafuta bakuli zima kwa kijiko, kisha akaniita.

"Mama Rispa, firigisi iko wapi?"

Nikasema labda ni paka. Mchungaji alikuwa ananitazama, Biblia iko magotini.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa pembeni na ugali wake na mboga, akamwambia mwanawe, "Mwache. Ni mimi nimekula."

Mama huyu hajawahi kuonja kuku maishani. Alilelewa wakati wanawake walikatazwa, na mpaka leo hagusi hata mchuzi. Mume wangu anajua. Aliinamisha kichwa, na mchungaji akaanza kuombea chakula haraka.

Mchungaji alipoondoka nilimfuata mama jikoni. Nilitaka kumwambia samahani. Alikuwa anasugua sufuria. Akanipa kitambaa bila kuniangalia.

"Jipanguse kidevu, mwanangu. Kuna mafuta."

Na hayo mafuta yalikuwa hapo tangu niliposema ni paka.