Siku Kumi na Moja Ghorofa ya Nne

Vilar da Cerdeira,
9 Machi 1997.

Mpendwa mdogo wangu Adérito,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Hujambo huko Luksemburgi? Kile kikohozi cha Januari kimekuachia? Wifi Ermelinda na watoto hawajambo? Mimi mzima, Mama naye mzima, ila goti tu.

Umeshaona barua imetoka kijijini, si Lisboa. Tafadhali usikasirike kabla hujaisoma yote. Nimemrudisha Mama.

Najua tulikubaliana. Alipoanguka bustanini tulisema akae kwangu, ghorofa ya tatu, hospitali iko karibu, na nyumba ya huku tuifunge. Nilidhani namtendea wema.

Wiki ya kwanza alinitia aibu, sikufichi. Alimsalimia kila mtu barabarani, nao wakamkodolea macho. Asubuhi alichomeka ufunguo mlangoni kwa nje, kama wafanyavyo huku, ili jirani ajue mwenye nyumba kaamka salama. Nikamgombeza: "Mama, utafanya tuibiwe! Hapa mjini!"

Juu yetu alikaa Mzee Virgolino, mstaafu wa reli, peke yake. Jumatano moja Mama akaniambia, "Gracinda, huyo wa juu simsikii akitembea tangu jana. Hebu panda ukamwangalie."

Nikamjibu, "Mama jamani, hapa watu hawaingiliani. Labda kasafiri."

Alipanda mwenyewe na goti lake bovu, akagonga weee, kimya. Jirani wa mlango wa pili akatoka kumfokea aache kelele. Nami nikaenda kumwomba radhi jirani.

Mlango ulivunjwa siku ya kumi na moja, harufu ilipoanza kushuka ngazi. Daktari alisema mzee aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na huenda alikaa siku mbili tatu pale sakafuni kabla ya kukata roho. Adérito, Jumatano ile alikuwa hai! Silali nikilikumbuka hilo.

Mazikoni tulikuwa watano. Padri akauliza kama kuna aliyemfahamu marehemu, aseme neno. Mama ndiye aliyesimama: "Mimi sikuwahi kumwona uso. Ila alikuwa anaburuza mguu wa kushoto, na alikuwa anaamka saa kumi na mbili." Akaketi. Tulipotoka makaburini akaniambia, "Nirudishe kwetu."

Huku nako si peponi. Daktari yuko mwendo wa saa nzima, na Felismina wa nyumba ya pili anaingia bila hodi, anafunua sufuria, anakitangazia kijiji kizima kwamba supu yetu haina chumvi. Nilimwambia Mama wazi kwamba akianguka tena huku anaweza kufa. Akasema, "Nitakufa, ndiyo. Lakini watajua siku hiyohiyo."

Basi nyumba tusiifunge, nakuomba. Mkija Agosti msipite Lisboa, njooni moja kwa moja huku. Na watoto wafundishwe kusalimia njiani, tusije tukasemwa.

Nisalimie sana wifi Ermelinda, Nélson na mdogo wake Vânia. Mama anawaombea, na Mungu awatunze huko ugenini.

Jumatatu narudi kazini Lisboa. Sasa nitakuwa peke yangu pale. Nipigie simu kila Jumapili, mdogo wangu. Nisipopokea, tafuta mtu avunje mlango.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Gracinda