Kopi ya Yaya Zawadi

Jumatano, jioni.

Nimeona haya leo. Programu zetu tatu za dispansere, zile zahanati za vijijini, zinajengwa kwa faili moja ya mipangilio, iko kwenye seva Kinshasa. Yaya Zawadi, dada mukubwa tunayefanya naye kazi, yeye kule Punia alijiwekea kopi ya faili hiyo. Asubuhi nilimupigia kwa hasira: "Yaya, ufute! Kila mutu akiwa na yake, hazitafanana tena."

Akajibu polepole: "Wakati wa vita barabara ilikatika. Kila nyumba ilijifunza kuweka chumvi yake."

Mchana intaneti ikakatika. Bila faili ya Kinshasa programu yangu ikakataa kujengwa, na flashi ya kuipeleka dispansere ya Lokandu inaondoka kesho na boti.

Nikamupigia tena. Alikuwa hajafuta. Akanisomea faili yote kwa simu, mustari kwa mustari, kisha akaniuliza: "Sasa nifute?"